Marufuku ya kumwagilia bustani wakati wa ukame ina mantiki gani, na miti yangu niifanyeje?

Swali: Habari mtaalam. Mamlaka ya maji huku kwetu imetangaza hakuna kumwagilia kwa mpira wala springla, gari lisioshwe kwa mpira, bustani ni kwa ndoo au keni tu na ni siku mbili kwa wiki kulingana na namba ya nyumba, tena kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi na mbili jioni. Mimi nna miti michanga ya matunda niliyopanda mwaka huu na ukoka mbele ya nyumba. Jirani ana kisima, anamwagilia usiku kucha. Bomba la barabarani linavuja wiki nzima. Juzi mvua imenyesha siku mbili lakini marufuku iko palepale. Hivi hii sheria ina mantiki gani, na nifanye nini miti isife?

Jibu: Salama ndugu yangu, na pole na hali ya maji. Umeuliza mambo mengi kwa mpigo ila yote yanashikana, nitaanza na hilo la mantiki kwa sababu ukishalielewa mengine utaweza kuyapima mwenyewe hata tangazo likibadilika wiki ijayo, na matangazo haya hubadilika sana ukame ukiendelea.

Wengi wanaamini bustani inakatwa kwanza kwa sababu ni anasa. Kuna ukweli kidogo hapo, bustani inaweza kusubiri na koo haliwezi, lakini iko sababu ya maji yenyewe. Maji unayotumia ndani, ya kuoga, kufua, kuosha vyombo, sehemu kubwa yanashuka kwenye bomba la majitaka na mahali penye mitambo ya kuyasafisha yanaweza kutumika tena au kurudishwa mtoni. Ya nje hayarudi, yakishamwagwa yanapanda hewani kupitia majani na udongo basi yamekwenda. Mfano ulio wazi kabisa ni Las Vegas, jiji liko jangwani na linategemea mto Colorado, wao maji karibu yote yanayotoka kwenye mabafu na majiko wanayasafisha wanayarudisha Ziwa Mead, bwawa kubwa la mto huo huo, halafu wanaruhusiwa kuchota tena kiasi hicho. Ndo maana nguvu yao yote wameielekeza kwenye nyasi, na mwaka 2021 jimbo la Nevada likapitisha sheria kwamba nyasi za mapambo matupu, zile za kando ya barabara na mbele ya maofisi ambazo hakuna anayezikanyaga zaidi ya mfyekaji, zisimwagiliwe tena kwa maji ya Colorado kuanzia 2027. Nyumba za familia moja moja hazikuguswa na sheria hiyo.

Sasa angalia ukubwa wenyewe. Mpira wa kawaida wa bustani ukifunguliwa wote unaweza kutoa karibu lita 1000 kwa saa. Cape Town walipofika pabaya kabisa, Februari 2018, kila mtu alipangiwa lita 50 kwa siku kwa kila kitu, kunywa, kupika, kuoga, choo. Kwa hiyo saa moja ya mpira ni mgao wa mtu mmoja wa siku 20. Marekani inakadiriwa wastani wa asilimia 30 ya maji ya nyumbani yanatumika nje, sehemu kame inafika 60, na ya hayo yanayomwagiliwa hadi nusu yanaweza kupotea kwa upepo, jua na kutiririka kwenye sakafu ya nje. Ukiwa wewe ndo msimamizi wa bwawa linaloshuka kila siku na unatafuta pa kupunguza bila kumnyima mtoto maji ya kunywa, utaanzia hapo hapo.

Mpira umekatazwa na ndoo imeachwa kwa sababu mpira unaendelea kumwaga wakati wewe umeingia ndani kupokea simu, ndoo haiwezi, kila ndoo unaibeba na mkono unajua umebeba ngapi. Uingereza sheria yao ya 2010 inazipa kampuni za maji ruhusa ya kupiga marufuku mpira kwa muda, imetaja kazi zenyewe moja moja, kumwagilia bustani, kuosha gari la binafsi, kujaza bwawa la kuogelea, kusafisha kuta na sakafu za nje, na faini inafika pauni 1000, ila kazi nyingi kati ya hizo ukifanya kwa ndoo au keni huna kosa. California mwaka 2014 walikwenda njia nyingine, gari uoshe tu kwa mpira lakini lazima uwe na kile kichwa cha mbele kinachojifunga ukiachia mkono. Ndo maana ya kusoma tangazo lenu neno kwa neno, usichukue uliyosikia kwa mtu wa mji mwingine. Mimi nikisoma tangazo lolote la aina hii natafuta vitu vitatu tu: linazungumzia maji ya chanzo gani (bomba la mamlaka peke yake, au na visima na mito pia), linakataza kifaa gani, na linaruhusu saa na siku zipi. Ukishayapata hayo matatu asilimia kubwa ya maswali yamejibika. Mfano maji ya mvua uliyokinga kwenye tanki mara nyingi hayamo kwenye marufuku kwa sababu hayakutoka kwenye bomba la mamlaka, lakini tanki hilo hilo ukilijaza kwa bomba basi hayo ni maji ya bomba, kukaa kwenye tanki hakuyabadilishi.

Hilo la siku mbili na namba za nyumba linawachanganya watu sana na ndo lina historia ya kufundisha kuliko yote, kwa hiyo nikae hapo kidogo. Mfumo wa maji wa mji hauumizwi na jumla tu, unaumizwa na watu wote kufungua kwa wakati mmoja. Los Angeles mwaka 2009 walitangaza watu wamwagilie siku mbili tu kwa wiki, Jumatatu na Alhamisi, jiji zima siku hizo hizo. Matumizi yalishuka kweli. Lakini kiangazi kile mabomba makubwa yakaanza kupasuka huku na huku, barabara zikafurika, hata gari la zimamoto likazama kwenye shimo, na jiji likaita jopo la wahandisi kuchunguza. Jibu likawa kwamba siku za kumwagilia presha ilikuwa inashuka sana kwa kuwa mji mzima umefungua, siku zisizo za kumwagilia inapanda, kushuka na kupanda huko wiki baada ya wiki kukayachosha mabomba ya chuma ya zamani yaliyokuwa yameshaliwa na kutu. Mwaka 2010 wakabadilisha, siku zikawa tatu na nyumba zikagawanywa, namba witiri siku zake na shufwa siku zake. Kwa hiyo namba ya nyumba kwenye tangazo lenu sio urasimu wa bure, inawatawanya ili presha isianguke kwa wakati mmoja, na presha ikianguka sana sio tu kwamba wa mlimani wanakosa maji, maji machafu ya ardhini yanaweza kunyonywa kuingia kwenye bomba pale lilipotoboka. Naomba sana uiheshimu siku yako hata kama unaona ya jirani ingekufaa zaidi.

Ila iko hasara ya mfumo wa siku ambayo watu hawaambiwi. Mtu akijua akipitisha leo mpaka Alhamisi, anamwaga maradufu kwa hofu, udongo unajaa, yanayozidi yanashuka chini kuliko mizizi au yanatiririka nje, na mwisho wa mwezi hajaokoa kitu. Udongo una kiasi chake. Kama siku yako ni leo gawa mara mbili, nusu alfajiri na nusu jioni, yale ya kwanza yanafungua udongo na ya pili yanaingia vizuri. Zile saa walizokataza za mchana ni kwa ajili ya jua na upepo, hapo sina la kuongeza.

Na kama unajiuliza kwa nini walazimishe badala ya kuomba watu kwa upole, hilo lilishapimwa. Ukame wa 2002 huko Colorado watafiti walilinganisha watoa maji wanane wa eneo moja, waliolazimisha walipunguza matumizi kwa asilimia 18 hadi 56 ukilinganisha na yaliyotarajiwa bila marufuku, walioomba kwa hiari walipata 4 hadi 12. Watu wema wapo kila mahali lakini kila mmoja anaangalia kwa mwenzake kwanza, asipoona mabadiliko na yeye anaacha.

Hapo ndo tunafika kwa jirani yako wa kisima. Kisheria inawezekana hana kosa, kama tangazo lenu linataja maji ya mamlaka tu basi yeye yuko nje yake, kwa hiyo usiende kumgombeza kabla hujasoma. Lakini maji ya chini ya ardhi sio ya peke yake, visima vya mtaa mmoja mara nyingi vinanyonya mwamba mmoja wenye maji, na wakati wa ukame hakuna mvua ya kuurudishia, akivuta usiku kucha kina kinashuka kwake na kwa wengine, na kama mko karibu na bahari maji ya chumvi yanaweza kusogea kuingia, yakishaingia yanakaa miaka. Cape Town walilijua hilo, 2018 wenye visima waliambiwa wafunge mita na waweke rekodi ya wanachovuta, na kumwagilia kwa kisima nako kukawekewa siku na saa zake. Nenda kwake kwa adabu kama jirani, mwambie habari ya mwamba mmoja, mwombe afuate saa zile zile mnazofuata nyinyi. Na kama una ujirani naye wa kutosha mwombe pia ndoo chache kwa ajili ya miti yako, maji yale kwenye miti michanga yana kazi kubwa kuliko kwenye nyasi zake usiku wa manane.

Bomba linalovuja, hapo nakubaliana na wewe moja kwa moja na hasira yako ina haki. Ipo miji ambayo theluthi ya maji au zaidi inapotea kabla ya kufika kwenye mita ya mtu yeyote, na ni vigumu kumwambia mwananchi ahesabu ndoo wakati barabara imelowa wiki nzima. Usiishie kulalamika kwa majirani. Ripoti kwa maandishi au kwa simu, taja mahali hasa, tangu lini, maji yanatoka kiasi gani, omba namba ya taarifa, piga picha, kila baada ya siku mbili fuatilia kwa namba ile ile, na mwambie na mwenzako wa nyumba ya pili aripoti pia. Ila nisikudanganye kwamba uvujaji wao unafuta maana ya wewe kubana. Bomba linavuja usiku na mchana kwa kiasi kile kile karibu, bustani zinavuta zote jioni moja, ni mizigo miwili tofauti na bwawa linabeba yote miwili. Na kuna kitu kizuri kinatokea matumizi yakishuka, mamlaka inaweza kupunguza presha kwenye mtandao na presha ikipungua uvujaji wa kila tundu nao unapungua. Cape Town ilifanya hivyo kwa makusudi, ikawa moja ya sababu matumizi ya jiji kushuka kutoka kama lita bilioni 1.2 kwa siku mwanzoni mwa 2015 hadi karibu milioni 500 miaka mitatu baadaye. Walikuwa wameshapanga mabwawa yakifika asilimia 13.5 mabomba ya majumbani yafungwe, watu wapange foleni kwenye vituo kama 200 kuchukua lita 25 kila mmoja kwa siku. Siku hiyo haikufika. Haikuwa marufuku ya bustani peke yake, kulikuwa na bei kali kwa wanaotumia sana, vidhibiti vilivyofungwa kwenye mita za wakaidi, wakulima wa bonde la jirani waliotoa lita bilioni 10 kutoka mabwawa yao, kisha mvua. Lakini bustani ilikuwa ya kwanza kubanwa.

Sasa miti, najua ndo inayokuumiza. Acha ukoka. Nasema hivyo kwa moyo mzito manake najua mtu anavyouhangaikia, lakini ukoka mwingi ukikosa maji unalala, unakuwa wa kahawia juu na uhai uko chini kwenye vitako vya mizizi, ukipata mvua unarudi, na hata ukifa kabisa unapandwa upya ndani ya msimu mmoja. Mti wa matunda ukifa umepoteza miaka. California 2015, gavana alipoamuru miji ipunguze matumizi kwa asilimia 25, jimbo hilo hilo liliendesha kampeni ya kuwaambia watu waache nyasi zikauke lakini waendelee kuitunza miti, kwa sababu miti mingi ya majumbani ilikuwa inakufa kwa kuwa ilizoea kunywa maji ya nyasi na nyasi zilipokatwa ikakatwa nayo. Ukoka usiufyeke mfupi wakati huu, usiuwekee mbolea, punguza watu na magari kupita juu yake.

Mti uliopanda mwaka huu mizizi yake bado iko pale pale kwenye shimo ulilochimba, haijatembea. Kwa hiyo maji yaweke pale, sio kwenye majani wala karibu na shina kabisa. Tengeneza kisahani cha udongo kuuzunguka, ukingo wa kama kiganja, mimina ndoo moja ya lita 20 polepole, ikinywea basi, siku yako ya pili rudia, na kwa miti michanga mingi hiyo inatosha kuivusha. Kama una ndoo mbovu au dumu kuukuu toboa matundu madogo mawili chini, lijaze uliweke juu ya mizizi, litashusha taratibu saa nzima bila wewe kusimama hapo, na bado umetumia ndoo kama tangazo linavyosema. Kisha weka matandazo, majani makavu, nyasi zilizokatwa, maranda, chochote kilichokauka, unene wa sentimita 7 hadi 10, ila yaachie shina nafasi lisioze. Kwa maoni yangu matandazo ndo kazi moja yenye faida kuliko zote katika haya niliyoandika, yanazuia jua kunyonya udongo na yanapunguza magugu yanayogombania maji na mti wako. Kabla ya kumwagilia chomeka kijiti kirefu kama kidole mara mbili, kikitoka na udongo unaonata mti hauna kiu, subiri siku inayofuata ya zamu yako. Majani kunyauka mchana wa jua kali peke yake sio dalili, angalia alfajiri, yakiwa bado yamelegea hapo ndo kuna shida.

Maji yaliyotumika ndani nayo ni msaada mkubwa kama sheria yenu haikatazi. Yale ya baridi yanayotoka kabla ya maji ya moto kufika bafuni ni safi kabisa, weka ndoo uyakinge. Ya suuza ya mwisho ya nguo yanafaa kwa miti, lakini sio yenye dawa ya kung'arisha nguo nyeupe na sio sabuni yenye boroni, hiyo inaunguza mimea. Ya jikoni yenye mafuta achana nayo. Yatumie siku ile ile, yakilala yananuka na kuzaa wadudu, na usiyamwagie mboga za majani zinazoliwa mbichi. Ukiona hata hivyo miti inazidi kudhoofika, iandikie mamlaka kuomba kibali, sheria nyingi za namna hii zina nafasi ya kuombewa ruhusa hasa kwa mimea mipya, kwa wazee na wagonjwa wasioweza kubeba ndoo, na kwa bustani za biashara. Taja idadi ya miti, lini ulipanda, ndoo ngapi unaomba na kwa siku zipi. Ombi lenye hesabu lina nafasi nzuri kuliko lenye manung'uniko.

Gari osha kwa ndoo moja na kitambaa, vioo, taa na namba kwanza, bodi likiwa na vumbi halina madhara. Na kama kuna mwenye bwawa la kuogelea hapo mtaani mwambie alifunike, jua likipunguza milimita 5 tu kwa siku kwenye bwawa la mita za mraba 30 ni lita 150 zimepaa, mgao wa watu watatu wa Cape Town wa siku nzima.

Mwisho hiyo mvua ya siku mbili. Najua inauma kuona matope nje na marufuku bado ipo. Udongo uliokauka miezi unakunywa kwanza, mto unafuata, bwawa la mwisho, na maji ya ardhini yanachelewa kuliko hata bwawa. England mwaka 2012 marufuku ya mpira ilianza tarehe 5 Aprili na mwezi huo huo ukawa Aprili yenye mvua nyingi kuliko zote tangu rekodi za Uingereza za 1910, watu walikasirika sana, lakini miamba ya chini ilikuwa imekosa mvua ya vipupwe viwili na kuna maeneo marufuku iliendelea mpaka kiangazi. Sydney nao Februari 2020 mvua kubwa ilijaza mabwawa kwa kasi, hawakufuta mara moja, walishuka tu kutoka hatua ya pili ya marufuku kwenda ya kwanza iliyo nyepesi kuanzia tarehe 1 Machi. Kwa hiyo wewe baada ya mvua ruka zamu yako ya kumwagilia, California walikataza kabisa kumwagilia ndani ya saa 48 baada ya mvua, kinga kila tone la paa unaloweza, na iulize mamlaka yenu jambo moja: bwawa likifika asilimia ngapi ndo hatua hii inaondolewa? Kama tangazo halikusema, hilo ni kosa la tangazo na mna haki ya kulidai kwenye mkutano wa mtaa, mtu anabana vizuri zaidi akijua anabana mpaka wapi.